Kichuguu, Nyuma!

Harufu ya kompyuta iliyochemka imeungana kichwani mwangu na ile ya vumbi lililonyunyiziwa maji. Mwenye intaneti kafe yetu, nyuma ya soko, alimwaga ndoo mlangoni kila mchana ili upepo wa Dodoma usimjazie mchanga kwenye mashine. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka mapya yalifunguliwa kila kukicha, yakiuza bila foleni vitu ambavyo wazazi wetu walizoea kuvipangia foleni. Sisi watoto wa watumishi wa serikali tulishinda humo likizo nzima tukicheza mchezo mmoja wa mtandaoni, ambamo watu watano waliungana kulivamia pango la jitu la mawe. Mmoja alitangulia na ngao ili apigwe yeye, mmoja aliwaganga majeruhi, waliobaki walishambulia. Mimi, msichana wa kidato cha pili mwenye sauti kubwa, nilikuwa kiongozi. Jitu likiinua mguu, niliita jina la aliye chini yake na kumwamuru arudi nyuma.

Likizo hiyo mwenye kafe alitangaza kwamba anahamishia mashine zake Morogoro, nasi jitu tulikuwa hatujaliangusha. Nililitaka jitu lile kuliko nilivyotaka kufaulu mitihani, nasema kweli. Halafu mwenzetu wa tano akarudi kwao Hombolo. Baba, karani wa ardhi aliyenipitia kila akitoka kazini, akavuta kiti bila kuombwa na kukaa penye pengo. Hakukubali kujificha nyuma ya watoto, kwa hiyo alichukua ngao. "Mkubwa jalala," alisema. Alipotakiwa kuandika jina la mchezoni aliandika Kichuguu, kwa sababu enzi zake za kuchunga alikuwa akipanda kichuguu kutafuta ndama waliopotea.

Hapo ndipo tulipokwama. Wenzangu niliwafokea nilivyotaka, lakini kwetu mtoto hamwamrishi mzazi, hata kama mzazi anakanyagwa. Jitu lilipoinua mguu nilijikuta nikisema, "Baba, samahani, naomba usogee nyuma kidogo," na kabla sijafika kwenye "kidogo" alikuwa amelala chini, nasi wote tukamfuata. Tulirudia, tukafa tena. Sele, jirani yetu aliyekuwa mganga wa kikosi, alisema bila kugeuka, "Mpaka umalize hodi, mzee ameshazikwa." Nilikuwa karibu kulia. Baba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, kisha akamwonyesha kwa kidole mtu wake wa mchezoni kwenye kioo.

"Hapo juu ya kichwa changu pameandikwaje?"

"Kichuguu."

"Pameandikwa baba?"

"Hapana."

"Basi mwamrishe huyo. Baba yako utamkuta nyumbani."

Tuliporudi pangoni nilipiga kelele "Kichuguu, nyuma!" mpaka mama muuza zabibu akachungulia mlangoni. Kichuguu akarudi nyuma. Jitu lilianguka jioni ile ile, na tulipotoka nilimpokea baba mkoba wake kama kawaida.

Siku hizi intaneti ninatembea nayo mkobani. Wanangu huvamia mapango pamoja na watu wasiowajua kwa sura, na wakifoka hawajui kama wanamfokea mkubwa au mdogo. Silioni hilo kuwa baya, ila hawatajua jinsi amri moja ilivyoweza kukwama kooni. Baba sasa anaishi Chamwino. Miguu imemchoka, na fimbo haitaki. Mwezi uliopita nilipokwenda kumtembelea nilimkuta kwenye ukingo wa baraza, sakafu imetoka kupigwa deki, mguu mmoja uko hewani juu ya ngazi. Kaka zangu, watu wazima wenye vyeo vyao, walikuwa wamesimama uani wakipokezana, "Baba, samahani, tunaomba..." Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Kichuguu, nyuma!"

Akarudi hatua moja, akashika mlango, akanigeukia.

"Lilikuwa limeinua mguu?"

"Lilikuwa limeinua, baba. Shikamoo."

"Marahaba," akasema, na kwa mara ya kwanza akanyoosha mkono nimshike.