Upindo wa Fathiya

Fathiya alikuwa fundi cherehani pale Ngara mjini, na kilichowachosha jamaa zake ni upindo wake. Kila gauni alilikunjia kitambaa cha ziada kwa ndani, mbavuni na chini, ili mwenye nalo akinenepa au binti akirefuka, lifumuliwe na kuongezwa. Mama yake alimfundisha hivyo, na ubishi alimrithisha pia.

"Shemeji, unashona gauni au godoro?" Amri, mdogo wa mumewe, alimtania. Yeye alishonea kwenye kibaraza cha ng'ambo ya barabara, akikata kwa kubana mpaka kitambaa cha magauni matatu kikatoa manne. Bei yake ilikuwa rahisi. Tangu wakimbizi walipofurika mwaka ule wa tisini na nne na biashara kuchangamka, wateja walimkimbilia yeye, Fathiya akabaki kufukuza nzi.

Nzi hawalipi kodi ya kibaraza. Mwishowe akakata shauri auze cherehani chenyewe, kile alichoachiwa na mama yake, aanze kuchuuza dagaa. Ilimuuma, tena sana. Akakifunga kwenye khanga, akapanda lori la ndizi mpaka soko la kambi ya wakimbizi ya Benaco, ambako hakuna kitu kilichokosa mnunuzi.

Kabla hajakitua akaona gauni alilowahi kulishona mwenyewe. Lilikuwa la buluu, limepauka mabegani, limening'inia kwa Odeta, mkimbizi aliyeuza nguo zilizokwisha kuvaliwa. Pembeni yake liling'aa lililoshonwa na Amri, jipya kabisa. Mwanamke mjamzito aliyeitwa Nyirabahizi aliyageuza yote mawili ndani nje, bila hata kutazama maua ya kitambaa.

"Hili kuukuu mbona ghali kuliko jipya?"

"Angalia upindo, mama. Hilo jipya tumbo likikua utalitupa. Hili utavaa, utajifungua, na binti yako atavaa. Huku nani anajua atapata lini jingine?"

Nyirabahizi akalipia lile kuukuu. Fathiya alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Dada," Odeta akamgeukia Fathiya, akitazama umbo lililofungwa kwenye khanga, "hicho cherehani unauza?"

"Nani kasema nauza?" Fathiya akaketi papo hapo chini, akafungua khanga. "Mama, lete gauni nikutolee upindo."

Akafumua mbavu. Kitambaa kilichofichwa kikatokeza na buluu yake imekoza, kama siku alipokikata. Wanawake wakasogea kutazama, na mmoja akavua kitenge chake palepale.

"Na mimi nishonee," akasema. "Uniachie na upindo."