Tanuri Lisilokuwepo Ngara

Swali lililoninyima usingizi kwa siku tisa lilikuwa fupi: naikataa programu ya Renatus kwa sababu haifai, au kwa sababu ni ya Renatus? Sasa nimestaafu. Vijana wa uhandisi wanaokuja kuniuliza jinsi ya kuchagua programu ya kusimamia matengenezo katika viwanda vya chuma hutarajia nianze na kompyuta. Mimi huanza na swali hilo, kisha nawarudisha Ngara, miaka ya wakimbizi, mahali ambapo hapakuwa na kiwanda cha chuma hata kimoja.

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Lusahunga, pale njia panda, nikiwa na ovaroli yenye mikunjo ya dukani. Malori ya chakula cha wakimbizi yalisimama hapo kabla ya kupanda kuelekea Ngara, na kazi yetu ilikuwa kuyakagua: breki, springi, maji, oili. Mkuu wa Karakana, mtu mnene aliyeongea huku akifuta mikono hata ikiwa safi, alisoma barua yangu mara mbili.

"Hapa wameandika injinia," alisema. "Mbele yangu naona binti. Injinia anakuja na gari la pili?"

Mafundi walicheka. Nami nilicheka, halafu nikatumia wiki nzima kuwaza kama ningepaswa kucheka.

Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa mtu wa kuwaza. Nikimwambia fundi abadilishe filta, nilirudi dakika tano baadaye kuuliza kama nilisema filta ya oili au ya dizeli. Lakini nilipenda utaratibu, na hilo Mkuu aliliona. Baada ya miezi michache alinihamishia karakana yake kubwa, upande wa Ntobeye, nisimamie kadi za kazi. Kadi ya kazi ni karatasi ngumu inayoeleza gari gani limeingia, linaumwa nini, nani kalitengeneza na spea zipi zimetumika. Ukizitunza vizuri, unaweza kulifanyia gari sevisi kabla halijaharibika. Hayo huitwa matengenezo ya kinga. Ukizipoteza, unangoja gari life ndipo ulikimbilie.

Tulikuwa tunazipoteza. Watu waliovuka mpaka walikuwa wengi kuliko chochote tulichokuwa tumewahi kuona, na magari yaliongezeka kila juma. Kadi zilikaa kwenye makasha ya majani ya chai. Moja ililiwa na mbuzi, nami nikaandika ripoti ya ukurasa mzima kuhusu mbuzi huyo. Ndipo Mratibu wa Usafirishaji, bosi wa Mkuu wetu, alipoagiza itafutwe programu ya kompyuta ya kupanga matengenezo ya magari na mitambo yote ya kambi.

Na ndipo Renatus alipoletwa.

Renatus na mimi tulisoma darasa moja chuoni. Tulipomaliza, kiwanda kimoja cha chuma kilitangaza nafasi moja, na sote wawili tukaitwa kwenye usaili. Mimi nilijiandaa kwa majuma matatu. Yeye alikuja na kalamu ya kuazima, tena aliiazima kwangu. Yeye akapata kazi, mimi nikapata barua ya kunitakia kila la heri. Kalamu hakuirudisha.

Alishuka kwenye gari pale karakana akipiga mluzi, na kasha la disketi kwapani. Jioni hiyohiyo mafundi walikuwa wanamwita kwa jina, na Mkuu, ambaye mimi nilikuwa bado "binti" kwake, alisema, "Karibu, injinia." Usiku huo sikumaliza chakula. Wivu wangu haukuwa wa kelele. Ulikuwa wa kuhesabu: amechekewa mara ngapi, ameulizwa ushauri mara ngapi, amekalishwa kiti kipi. Nilipomkuta amekosea kitu kidogo, nilijisikia kama mtu aliyekunywa uji wa moto wakati wa baridi.

Mkuu alituita ofisini. "Kila mmoja atajaribu programu moja. Nitakayoichagua ndiyo itakayotumika, na aliyeileta atashika Ofisi ya Mipango. Nataka magari yatembee. Sitaki hadithi."

Ofisi ya Mipango ilikuwa chumba chenye mlango unaofungwa, meza, na neno "Mkuu" mbele ya cheo. Niliitaka kiasi kwamba nilishachagua ukuta wa kubandika jedwali langu.

Programu niliyopewa mimi ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni za mabasi na malori. Unaiandikia kilomita za kila gari, nayo inakukumbusha: hili likifika kilomita elfu tano, limwage oili. Ilikuwa safi, rahisi, yenye picha ya lori kwenye kioo cha kompyuta. Ya Renatus alikuja nayo kutoka kiwandani. Ilitengenezwa kwa ajili ya kazi za chuma, kwa hiyo ukiifungua tu inakuuliza habari za tanuri, mahali chuma kinapoyeyushiwa, na za roli za kukandamizia vyuma vya moto.

Aliionyesha mbele ya mafundi wote. Kioo kilipowaka, fundi mmoja alisoma kwa sauti: "Tanuri namba moja. Hali yake?"

"Tanuri liko kwa mama ntilie!" akajibu mwingine. "Leo limekataa kuwaka, kuni zimelowa!"

Karakana nzima iliangua kicheko. Renatus naye akacheka, akajaribu kueleza kwamba majina hubadilishwa, lakini hakuna aliyemsikiliza tena. Toka siku hiyo wakamwita Mzee wa Tanuri. Mimi walikuwa wananiita Mama Jedwali, kwa sababu nilikuwa nimetengeneza jedwali la kulinganisha programu zote mbili kwa vigezo thelathini na moja, vikiwamo rangi ya kioo na wepesi wa kufuta makosa. Programu yangu ilishinda kwa vigezo ishirini na sita. Mkuu alitazama jedwali, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza akasema, "Injinia, Jumatatu utatuelezea hili mbele ya Mratibu."

Ningepaswa kulala fofofo. Badala yake lile swali likaanza. Vigezo vile thelathini na moja nilivitunga mimi, tena nilivitunga baada ya kuziona programu zote mbili. Nilijua moyoni kwamba vingine niliviongeza kwa sababu Renatus angeshindwa hapo.

Siku ya tisa, Ijumaa, nilitumwa bondeni kuangalia boza lililozimika. Boza ni lori la tangi la maji. Yetu yalichota bondeni, yakapanda kilima na kumwaga kwenye matangi ya kambi. Dereva wa boza hilo alikuwa Mzee Bilali, mtu wa Biharamulo mjini, wa zile familia za wafanyabiashara ambazo mababu zao walitoka pwani na hawakurudi. Alikuwa ameketi juu ya gurudumu la akiba, kofia yake nyeupe haina hata doa la oili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti injinia. Umekuja kuponya au kuzika?"

Nilichomoa stiki ya oili. Iliyokuwamo ilikuwa nyeusi na nzito kama lami. Nikamwomba awashe. Injini iligonga kwa ndani mara tatu, ikanyamaza. Beringi zilikuwa zimekwisha.

"Imenoki," nikasema. "Lakini mzee, haiwezekani. Nimeliingiza kwenye kompyuta gari hili. Halijafika hata nusu ya kilomita za sevisi."

"Kilomita?" Mzee Bilali alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwanangu, hili gari halitembei. Kutoka hapa mpaka juu kilimani ni kilomita tatu. Nikifika bondeni nasimama, injini inazunguka kuvuta maji. Nikifika juu nasimama tena, injini inazunguka kusukuma maji. Magurudumu yamelala, injini inatokwa jasho. Hiyo kompyuta yako inahesabu viatu. Aliyechoka ni moyo."

Alinifungulia mlango wa dereva. Kwa ndani, juu ya bati, kulikuwa na mistari ya chaki, mmoja kwa kila tangi alilojaza, imepangwa siku kwa siku. Safari saba kwa siku.

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia nani? Kadi yako ina mahali pa kilomita. Mahali pa chaki hapana."

Nilikaa juu ya nyasi nikapiga hesabu, na kwa mara ya kwanza kuwaza kwangu kukawa na faida. Safari moja, pamoja na kuvuta na kusukuma, ilichukua karibu saa moja na dakika arobaini. Safari saba ni saa kumi na mbili hivi za injini kwa siku, lakini kilomita arobaini na mbili tu. Kwa saa, oili ilitakiwa kumwagwa kila baada ya wiki tatu. Kwa kilomita, programu yangu ingengoja karibu miezi minne. Ingekuwa hivyo kwa maboza yote. Na majenereta, na pampu, ambazo hazina kilomita kabisa, programu yangu isingeziona kamwe.

Juu ya njia wanawake wa kambini walikuwa wameanza kushuka wenyewe na ndoo, baada ya kungoja boza bila mafanikio. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alisimama mbele yangu.

"Dada wa ovaroli, maji yetu yako wapi?"

"Gari limeharibika, mama."

"Basi tengeneza. Si ndiyo kazi yako? Au ovaroli ni ya kupigia picha?" Wenzake wakacheka, wakaendelea kushuka.

Nilirudi karakana nikafungua kompyuta, nikaweka disketi za Renatus. Sikuwa nimewahi kuifungua programu yake zaidi ya kioo cha kwanza. Nililipita lile tanuri, nikazipita zile roli, nikafika ukurasa wa kipimo. Uliuliza: kifaa hiki kinapimwa kwa nini? Palikuwa na nafasi tupu ya kujaza. Nikaandika saa, ikakubali. Nikaandika kilomita, ikakubali. Nikaandika matangi ya Mzee Bilali, ikakubali. Mashine za chuma hazisafiri, zinafanya kazi zikiwa zimesimama, na waliotengeneza programu ile walikuwa wamelijua hilo. Nikajaribu ukurasa kama huo kwenye programu yangu. Haukuwapo.

Nitawaambia ukweli vijana wanaosoma haya. Jambo la kwanza nililowaza halikuwa maji ya yule mama. Niliwaza kwamba Renatus hajui. Hajawahi kushuka bondeni. Anaipenda programu yake kwa mazoea tu, wala hana hoja ya kuitetea. Nikinyamaza, Jumatatu nashinda. Boza la Mzee Bilali litahesabiwa kama boza bovu, maboza mengine yatakufa moja moja, na kila moja litapewa sababu yake. Nitakuwa nimeshakaa nyuma ya ule mlango unaofungwa. Niliwaza hayo Jumamosi yote, na Jumapili nikiwa kanisani, wakati wengine wanaimba.

Baadaye katika maisha nilifanya kazi kwenye viwanda viwili vya chuma, nikachagua programu za namna hii mara nne. Wauzaji walinionyesha picha nzuri sana. Kila mara niliwaacha kwanza, nikaenda kwa mtu anayekaa na mashine kutwa, nikamuuliza anahesabu nini. Mmoja alihesabu mitetemo ya sakafu kwa nyayo zake. Mwingine alihesabu ndoo za vumbi. Hakuna ukurasa wa programu unaoandikwa vizuri kabla hujamuuliza mtu huyo. Lakini hayo niliyajua baadaye. Jumatatu ile nilijua jambo moja tu, tena sikulipenda.

Mratibu alikaa, Mkuu akasimama akifuta mikono, mafundi wakajipanga ukutani. Renatus alikuwa kiti cha nyuma, amekwisha kukubali kushindwa, anatabasamu. Nilitandaza jedwali langu mezani.

"Jedwali hili ni kosa," nikasema. "Programu ya kuchagua ni ya Injinia Renatus."

Mkuu aliacha kufuta mikono. "Binti, unaumwa?"

"Hapana, mkuu. Boza la Mzee Bilali ndilo linaloumwa." Nikaeleza kilomita tatu, safari saba, mistari ya chaki. Nikaeleza pampu na majenereta. Nilirudia hesabu mara mbili, na mara ya pili Mratibu alikuwa anaiandika.

"Unaelewa kwamba Ofisi ya Mipango inakwenda kwa mwenzako?" Mkuu akauliza.

"Naelewa."

Renatus alinyanyuka kwenye kiti chake. "Mimi sikuwa najua hayo ya saa," akasema mbele ya wote. Hata ukweli huo aliusema kwa wepesi, bila kutokwa jasho, nami nikamwonea wivu kwa hilo pia.

"Najua kwamba hukujua," nikamjibu. "Njoo tuanze. Na kalamu yangu uje nayo."

Tulikaa kwenye ofisi yake mpya, yeye kwenye kiti, mimi kwenye kasha la spea. Akafuta tanuri namba moja.

"Jina la kifaa?"

"Boza la Mzee Bilali."

"Kipimo?"

"Saa za injini."

Nikafungua daftari nilimonakili chaki zote za mlangoni, nikaanza kumsomea, siku kwa siku, naye akaandika.