Uso wangu uko kwa bango la chuo, lakini kwa geti yao nilirudishwa kwa sababu ya mtoto wangu

Mtoto wangu ametoka tu kunipaka uji kwa simu. Nimepanguza na leso, sasa ananiangalia akicheka, anangoja kuona kama nitamchapa. Sitamchapa. Yeye ndiye yuko katikati ya haya maneno yote na hata hajui. Admin, ficha jina langu, na la chuo pia usiweke. Kitengela tunajuana.

Mimi ni msichana wa miaka 22, kwetu ni Rombo, naishi hapa Kitengela kwa ploti ya mabati. Mtihani wa form four nilifanya nikiwa mjamzito, nikapata D, na baba ya mtoto akahamia Rongai akabadilisha namba. Nafulia watu nguo. Hayo nilishazoea. Lakini tangu nikiwa mdogo kitu nataka ni kuoka. Hata mandazi zangu, watu wa ploti huamka wakiziuliza.

Mwaka jana chuo kimoja njia ya kuenda Kajiado kiliita vijana wa makanisa kwa siku ya wageni, ile wanaita open day. Unatembezwa madarasa, unaonyeshwa kozi, unapewa soda, ndio uamue kama utajiunga. Pasta akatuambia kuna kozi ya upishi haitaki gredi kubwa. Nikaenda na mtoto mgongoni. Jamani, hiyo jikoni yao. Oveni zinang'aa, meza za chuma, na harufu ya mkate mpaka nikasahau kutembea na wenzangu. Madam aliyepanga hiyo siku akaniona nimebaki nyuma. Akaniuliza maisha yangu, nikamwambia yote. Akanishika mkono, "Wewe ndio tunatafuta. Mama mdogo aliye na ndoto." Nikavalishwa aproni nyeupe na kofia ya mpishi. Halafu akageukia mwanafunzi mmoja, "Hebu mshikie mtoto kidogo, picha itoke safi." Mtoto akawa analia huko nje na mimi naambiwa nicheke. Nikacheka. Nikaandikishwa kwa kozi ya upishi, na hakuna mahali mtu aliniambia mtoto atakuwa shida.

Siku ya kujiunga nikaoga mapema, nikampaka mtoto mafuta, tukaenda. Kufika, kuna bango kubwa juu ya geti, na ni mimi, na ile kofia, imeandikwa KARIBU, NAFASI YAKO IKO HAPA. Nilisimama nikaiangalia mpaka machozi ikanitoka. Askari akaniita kando.

"Mama, watoto hawaruhusiwi ndani."

Nikamwonyesha juu. "Si huyo ni mimi?"

Akaangalia bango, akaniangalia, akaangalia mgongo wangu. "Wa picha hana mtoto."

Hakusema kwa ubaya. Hata alinipa kiti chake nikae ninyonyeshe kabla nirudi.

Nikampigia madam, akasema nitafute mtu wa kuachia mtoto, nikipata nirudi. Mtu gani? Wa daycare anataka pesa asubuhi, na mimi nikifua nalipwa jioni. Yeyo, mama yangu, akaniambia nimpeleke Rombo. "Mlete anywe maziwa huku. Ukimaliza kusoma utamchukua." Mtoto alikuwa bado ananyonya. Nilishindwa. Nafasi ikaenda hivyo.

Baadaye chuo kikaita wachache wetu tuliokuja ile siku, tuwaambie ilienda aje ndio ya mwaka huu wapange vizuri. Nikajiambia hapa sasa nitasikizwa. Nikamwachia jirani mtoto, nikaenda, nikasimama, nikasema mkiita wamama muwaambie mapema kuhusu watoto, ama mtenge chumba kimoja tu cha watoto. Madam akatabasamu. "Asante mpenzi, lakini hiyo si ya siku ya wageni, hiyo ni ya nyumbani kwako. Tuambie ni nini ilikufurahisha."

Nikasema mkate. Wakacheka, wakanipigia makofi. Halafu akaambia wakubwa wake, na mimi nimekaa hapo hapo, "Siku yetu ilifaulu. Huyu alikuja tu kutembea, na leo ni uso wa chuo." Hakuna hata mmoja aliuliza kama nasoma.

Huku kwa ploti waliniita Bango. Jirani akiniona na beseni anasema, "Bango, na hao wa chuo wanajua unafua soksi za makanga wa matatu?" Nacheka na yeye, nikiingia kwa nyumba nafunga mlango.

Sasa siku ya wageni ni Jumamosi hii. Madam alinipigia juzi. Anataka nivae tisheti ya chuo, nitembeze wasichana, nishike maiki niseme vile hiyo siku ilibadilisha maisha yangu. "Ongea vizuri, na mimi nitaongea na wakubwa kuhusu nafasi yako. Lakini usianze ile maneno ya chumba."

Nikauliza, na mtoto?

"Mtoto muache nyumbani, mpenzi. Wewe unajua."

Nawaona wale wasichana watakuja. Wengine watakuwa wamefunga watoto mgongoni vizuri, wanuse ule mkate, na wataniamini kwa sababu nafanana na wao. Nikicheka tena, hapo si madam amewadanganya, ni mimi. Na nikisema ukweli kwa maiki, hiyo oveni sitawahi kuishika. Kitu inaniuma zaidi ni kwamba bado naitaka. Baada ya hayo yote bado naitaka sana.

Wamama wenzangu, msinitukane. Niambieni tu mngekuwa mimi mngefanya aje. Nikubali nifikirie maisha ya mtoto wangu kwanza, ama nikatae nibaki na beseni yangu, ama niende, nikipewa maiki ni...

Ngojeni, mama mwenye ploti ananiita huko geti, anasema kuna madam amekuja na gari, ameshika tisheti, anataka jibu sasa hivi, na mimi bado sijaamua.