Ubawa Jike wa Zuhura

Katika nyumba ile ya Mapinga ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa hawasemeshani, tena walikuwa hawasemeshani kwa kelele. Msabaha akitaka ndoo aliyoikalia dada yake, haombi. Husema, "Mama, mwambie huyo binti yako aniondokee kwenye ndoo." Naye Zuhura, hatua mbili tu kutoka hapo, hujibu, "Mama, mwambie mwanao ndoo nimenunua mimi." Bi Mina, mama yao, hupeleka maneno na kurudisha mpaka achoke, kisha huwafukuza wote wawili kama kuku.

Chanzo ni mashine. Zuhura alirudi kwao na talaka akiwa na miaka arobaini na ushei. Badala ya kukaa kitako alie, kama majirani walivyomtarajia, aliuza bangili zake za dhahabu akaleta mashine ya CNC, ile ya kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, akaifunga katika banda la mabati uani. Angeileta katika nyumba ya mkulima wangemshangaa siku mbili tatu wakazoea. Lakini hii ilikuwa nyumba ya wachonga nakshi. Marehemu baba yao alichonga milango Bagamoyo mpaka macho yakamwishia, na patasi zake akamrithisha Msabaha, kwa kuwa ni mwanamume, wala hakumtupia jicho binti aliyekuwa akifagia maranda miguuni pake. Zuhura hajalisahau hilo, na asiyependa na ameze wembe.

Siku fundi wa dukani alipokuja kuifunga, mashine ilikwenda kinyume: ukibonyeza mshale wa kulia, yenyewe inakimbilia kushoto. Fundi akafungua setingi za bodi, ule ubongo wa mashine, akabadilisha namba moja, mashine ikatii. "Hii ndiyo inayogeuza mwendo," alimwambia Zuhura. "Inakaa ndani ya bodi, si kwenye mchoro wako. Usiiguse bure." Msabaha alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani, anatazama kama mtu aliyeletewa mzoga nyumbani.

"Mama," alisema, "mwambie huyo nakshi ni mkono. Hiki alicholeta ni kinu cha kusaga miti."

Tangu siku hiyo shikamoo ikafa baina yao, na kwa dada kumnyima shikamoo kaka aliyemzidi miaka kumi na tatu, huko kwetu ni sawa na kumzaba kofi. Msabaha naye alilipa. Kila alipokaa na wenzake nje ya msikiti, alimwaga sumu: milango ya mashine haina roho, milango ya mashine hupinda, mwanamke aliyeshindwa na mume ataweza mvule? Watu walimsikiliza, maana milango yake mwenyewe iliendelea kutoka, tena mwaka huu ikitoka safi kuliko zamani.

Ndipo akaja Abdillah. Alikuwa mtu wa Dar anayejenga nyumba kubwa karibu na barabara ya lami, na alitaka kila mlango uwe wa nakshi. Kazi ile ingemweka Zuhura mjini. Ingewafunga midomo wote waliosema anacheza. Abdillah akamwambia aanze na mlango wa mbele, amwone.

Mlango wa pwani una mbawa mbili. Wa kulia ni dume, wa kushoto ni jike, na nakshi zake hutazamana kama mtu na kioo chake. Zuhura alichora dume kwenye kompyuta akalichonga, kisha akaugeuza mchoro kupata jike. Jike alilichonga mbele ya macho ya Abdillah mwenyewe, kwa sababu alitaka kumringia. Alikuwa na desturi ya kuisogeza mashine kwa mkono, bila kubonyeza mishale, hadi katikati ya ubao kabla ya kuiwasha, basi hakuona dalili yoyote mpaka vumbi lilipopeperushwa na mbawa zikasimamishwa pamoja. Maua yote yalikuwa yanatazama upande mmoja. Alikuwa na madume mawili kwa mlango mmoja.

"Mama, njoo uone!" Msabaha alipasuka kicheko. "Mashine haijui mke wala mume!"

Abdillah hakucheka. "Bi Zuhura, nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Ukishindwa tena, kazi nampa kaka yako."

Zuhura aliupekua mchoro. Ulikuwa sawa. Akaifuta programu akaiweka upya, mashine ikafanya ukaidi uleule. Mwishowe akafungua setingi za bodi na kukuta ile namba imegeuka. Akairudisha, akajaribu kwenye kipande cha mbao laini, jike likatoka jike. Akashusha pumzi. Baada ya siku chache, aliporudi kutoka Tegeta kununua mbao, akaikuta imegeuka tena. Akampigia muuzaji simu. Muuzaji, kama wauzaji wote ulimwenguni, alisema ni umeme. Akanunua stabilaiza ya kutuliza umeme. Akachimbia chuma ardhini akakifunga waya. Alilala na kuamka na kitabu cha maelekezo, na huku ukutani anasikia, "Mama, mwambie binti yako asitumalizie umeme wa luku."

Namba ikageuka mara ya tatu. Zuhura alikaa juu ya rundo la mbao akaitazama kwa chuki. Setingi ziko nyingi mle: za kasi, za kina, za urefu wa kila hatua ya mota. Hakuna hata moja iliyoguswa isipokuwa ile. Umeme ukiharibu haubagui. Halafu akamkumbuka baba yake, jinsi alivyokuwa na karatasi moja tu ya nakshi: akimaliza dume, anaipindua karatasi chali, anachora jike. Hakuwahi kuchora mara mbili. Sasa nani leo, akitaka jike, asingehangaika na mchoro, angeipindua mashine yenyewe kama karatasi?

Kikulacho ki nguoni mwako. Nani mwingine alikuwa amesimama mlangoni siku fundi alipoionyesha namba ile?

Jumatano aliaga kwamba anakwenda Tegeta. Alifika kituoni, akanunua maji, akayanywa, akarudi. Bi Mina alikuwa barazani anachambua mchele. Alipomwona aliita kwa sauti ya kuitia mtu wa ng'ambo, "Zuhura! Umesahau nini, mwanangu?" Zuhura alimpita. Alizunguka nyuma ya ua wa michongoma, na kabla hajafika kwenye banda alisikia mashine yake inaunguruma.

Alichungulia penye pengo la mabati. Msabaha alikuwa peke yake. Juu ya meza ulilala ubawa wa mlango wa Mikdad, yule mwenye duka la saruji, mlango ambao wiki nzima alijigamba anauchonga kwa patasi. Zuhura alifungua kinywa amtukane mpaka wasikie hadi kijiji cha Kiharaka. Kisha akaona jinsi anavyobonyeza kompyuta. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, na wa kushoto umeukamata kifundo, unaushusha polepole kwenye kitufe. Ukakosa. Akaanza tena.

Kumbe ndiyo maana. Hasira haikumtoka Zuhura, ila huruma iliingia ikakaa juu yake, na hakujua afanye nini na vitu viwili hivyo kwa pamoja. Aliondoka kimyakimya. Jioni aliirudisha namba mahali pake, akachonga jike la Abdillah kwa utulivu, na akajiapiza kwamba siri ile atakwenda nayo kaburini. Alijiapiza kwa dhati. Lakini ulimi wa Msabaha ulikuwa bado haujasema neno lake la mwisho.

Jumamosi mbawa zilisimama uani, zikatazamana. Abdillah alizizunguka, akapapasa, uso ukamkunjuka. Ilibaki aseme ndiyo. Kwa adabu tu akamgeukia Msabaha. "Mzee, wewe ndiye mwenye fani. Wasemaje?"

Hapo mtu mwenye haya angesema kheri na kwenda zake. Msabaha alikohoa.

"Niseme nini, bwana? Ya mashine ni ya mashine. Mungu alitupa mikono. Nenda kautazame mlango wa Mikdad, nimeumaliza juzi kwa mkono huu, kisha urudi utazame takataka hii. Huyu ni dada yangu, namwonea huruma. Lakini nyumba yako isiwe ya kumlelea mtu aliyeachwa."

Zuhura aliisikia huruma yake inakatika kama uzi. Aliingia chumbani kwa Msabaha bila hodi, akatoka na patasi ya baba yao na nyundo ya mti, akaviweka juu ya kipande cha mninga mbele ya kaka yake. Kwa mara ya kwanza tangu mashine ifike, hakumpitia mama.

"Tuonyeshe, kaka. Jani moja tu."

"Zuhura!" Bi Mina aliita kutoka barazani. "Zuhura, mwanangu, basi!"

"Jani moja, mama. Fani si yake?"

"Naam, mzee, tufaidi," alisema Abdillah, mtu wa watu, amefurahi kweli, hajui anashangilia nini.

Msabaha alimtazama dada yake, na katika kutazama kule alijua kwamba anajua. Angeweza kusema kichwa kinamuuma. Kiburi hakikumruhusu. Alipiga magoti, akakamata patasi, akaikaza kwa nguvu zake zote ili isitetemeke, na ncha ikaanza kugonga mbao kabla hajainua nyundo, ko ko ko ko. Alipiga. Patasi iliruka, ikachora mkwaruzo mrefu usio jani wala chochote. Alipiga tena. Abdillah aliinamisha kichwa akaanza kuichokonoa simu yake.

"Bi Zuhura," alisema hatimaye, bila kuinua macho, "milango yote fanya wewe. Tutaongea." Akatoka upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani.

Zuhura alikuwa ameshinda. Alisubiri furaha ije. Ilikuja aibu, akaichukia, akamchukia kaka yake kwa kuileta. Msabaha alikuwa bado amepiga magoti, patasi mkononi, anatazama ukuta.

Bi Mina alishuka barazani taratibu. "Umepata ulichotaka," alimwambia binti yake. "Sasa kamfungue. Mkono wake ukikaza namna hiyo haufunguki wenyewe. Kila siku humfungua mimi, na leo sitaki."

Zuhura alichuchumaa. Vidole vya Msabaha vilikuwa baridi na vigumu. Alianza na kidole kidogo.

"Usinishike," Msabaha alisema.

"Nyamaza."

Akafungua cha pili, na cha tatu. Jasho la kaka yake lilimdondokea kiganjani.

"Ubawa wako jike," Msabaha alisema kwa sauti ya chini, bado anatazama ukuta, "ukingo wa chini hujaupiga msasa."

"Nimeuona," alisema Zuhura, ingawa hakuwa ameuona.