Nilimtunza, Wakasema Kajitoa

Ati kaka yangu alijitoa. Neno hilo limenichosha mpaka basi.

Vijana wa hapa Mocímboa wakikaa kwa kinyozi huwapanga mabondia wa zamani, huyu wa kwanza, yule wa pili. Wakifika kwa kaka yangu wanacheka. "Yule? Desistiu." Yaani alikata tamaa. Hawakuwepo, wengine walikuwa hawajazaliwa, lakini midomo hiyo! Wana picha ya karatasi ya matokeo ya pambano lake moja kwenye simu zao, na mstari mmoja wa karatasi hiyo ndio wanaouona kuwa maisha mazima ya mtu.

Sasa niseme mimi niliyekuwepo.

Kaka yangu alikuwa kuli bandarini. Asubuhi anabeba magunia ya watu, alasiri anapiga gunia lake la mchanga nyuma ya nyumba yetu. Siku ya pambano hilo alikutana ulingoni na mtu wa Nampula, mrefu, mikono kama makasia. Kufika raundi ya nne yule bwana alikuwa anashikilia kamba ili asianguke. Mimi nimekaa nyuma ya kona ya kaka, sauti imenikauka kwa kushangilia. Furaha ikanipanda kichwani. Nikaivua kapulana, kanga yangu niliyojitanda mabegani, nikamrushia kaka.

Nilikuwa namtunza! Kuna mtu wa pwani hii asiyejua kutunza? Ngomani, mchezaji akikukuna roho, unamtupia nguo yako mwilini, na hakuna heshima inayozidi hiyo. Bibi yangu alitunza, mama yangu alitunza. Lakini mwamuzi alitoka kusini, na yeye alijua jambo moja tu: nguo ikitoka kwenye kona ya bondia ikaingia ulingoni, bondia amejitoa. Akapunga mikono kusimamisha pambano, akaenda kuinua mkono wa yule mtu wa Nampula, ambaye hata kusimama alikuwa hawezi. Kocha wetu alibisha mpaka povu likamtoka. "Pano é pano," mwamuzi akasema. Kitambaa ni kitambaa. Mshenzi mkubwa!

Watu wakaanza kuuliza ni nani aliyerusha. Wengine walishaniona, wakaanza kunijia na matusi yao. Kaka aliona ninavyozingirwa. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Mimi ndiye nimemwambia arushe. Nimechoka." Akashuka ulingoni. Nyumbani akaniambia jambo hilo tusilizungumze tena, na mimi, mjinga, nikatii. Nikajificha nyuma ya kaka yangu miaka yote hiyo. Nusu ya hasira ninayowamwagia wenzangu ni ya kujikasirikia mimi mwenyewe.

Halafu vita vikaja, tukatawanyika, wengine Pemba ya huku kwetu Msumbiji, wengine ng'ambo ya Ruvuma. Walioona pambano lile kwa macho yao hawakurudi wote. Karatasi ilirudi, Mungu wangu, karatasi haikupotea.

Mwezi uliopita wakafungua upya chumba cha masumbwi karibu na soko, wakaamua kuandika ukutani majina ya mabondia wa mji. Kaka yangu siku hizi hatoki kitandani. Kifua kinambana, macho yamefifia. Yeye aliyesema tusilizungumze, yeye huyo huyo akawa ananiuliza kila jioni: "Wameshafika kwangu?" Nikaenda kutazama. Hayumo. Katibu wao, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Shangazi, karatasi inasema alijitoa. Na mwenyewe alikiri mbele ya watu."

"Alidanganya," nikasema. "Nilirusha mimi. Nilikuwa namtunza."

Akanichekea kama anayembembeleza mgonjwa. "Sasa shangazi, mbona siku zote hukusema?"

Damu ikanichemka. Mchoraji wa yale majina alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, na wanawake wa sokoni wamejaa mlangoni wanatazama. Nikaivua kapulana yangu ya juu, nikamrushia mchoraji. Ikamtua begani.

Wale wanawake wakapiga vigelegele. Hawakuulizana, hawakutazamana. Na mchoraji, kijana aliyezaliwa juzi tu, akaweka mkono kifuani kule kule juu ya ngazi, akainamisha kichwa. "Asante sana, mama."

"Asante ya nini?" nikamfokea. "Shuka! Si umejitoa? Nguo imekuangukia, kazi imekwisha. Pano é pano! Shuka uende kwenu!"

Vigelegele vikakatika. Katibu akatazama viatu vyake. "Haya niambie wewe," nikamwambia, "mama zako hapo mlangoni wamefahamu nini? Na huyo juu ya ngazi kafahamu nini? Au nao niwatafutie karatasi?"

Mchoraji hakushuka. Kapulana yangu ikiwa bado begani mwake, alichovya brashi kwenye kopo, akamtazama katibu. Katibu hakuinua kichwa. Mchoraji akanigeukia mimi.

"Jina la kaka yako linaandikwaje, mama?"

Nikamtajia herufi moja moja, kwa kufoka, mpaka ya mwisho.