Bomba la Siku ya Posa

Mwezi wa Shaaban fundi hapatikani Kisauni. Kila nyumba inataka kuingia Ramadhani ikiwa na rangi mpya, kila kijana anataka kuoa kabla ya mfungo, na mafundi wanalijua hilo. Wanaanza kutembea polepole kama wagombea waliokwisha kushinda. Bomba letu liliuchagua mwezi huo kupasuka, tena siku moja kabla ya watu kuja kumposa binti yangu.

Huku kwetu Utange, ndani ya Kisauni, nyumba iliyojitahidi ina matangi mawili juu. Moja ni la maji ya chumvi, yanayovutwa na pampu kutoka kisimani, ya kufulia, kuogea na chooni. La pili ni la maji matamu, ya kunywa na kupikia, yanayoletwa na boza, lori la maji, siku dereva akijisikia. Mabomba ya matangi yote mawili yanateremka pamoja kwenye ukuta wa nyuma, yamebanana. Mojawapo ndilo lililopasuka, likawa linarusha maji hadi penye kamba za nguo.

Nikampigia fundi. "Inshallah, mzee wangu, niko njiani," akasema. Alikuwa Changamwe, amezuiwa na malori. Nilipompigia tena baada ya adhuhuri alikuwa bado yuko njiani, ila sasa amefika Mikindani, ambako ni mbali zaidi na kwangu kuliko alikokuwa mwanzo. Nikaelewa kwamba fundi huyu anakuja kwa kurudi nyuma, na kwamba nikimsubiri atafika Nairobi.

Niseme ukweli, bomba halikuwa shida yangu kubwa. Binti yangu ni wa pekee. Yeye alishampenda kijana, mama yake alishampenda, majirani nao walishaulizana watashona nini. Mimi niliogopa, na sikumwogopa kijana, niliwaogopa watu wa kwao. Dada yangu aliolewa kwenye nyumba yenye ndimi kali, akasimangwa kwa kila kikombe kilichovunjika na kila wali ulioshika chini, hata akarudi kwetu amekuwa mtu wa kunong'ona. Hawa waposaji walikuwa watu wa Likoni na sikuwajua. Nia yangu ilikuwa kufuata desturi: niwapokee, niwasikilize, niombe muda, kisha nimtume mtu akawaulizie mtaani kwao.

Asubuhi ya posa nikaamua kulitengeneza bomba mwenyewe. Nilifanya kazi ya ofisini miaka mingi, na ofisi humfundisha mtu kuamini kwamba kazi inayofanywa bila tai haiwezi kuwa ngumu. Nikatazama video kwenye simu, nikaenda dukani. Muuzaji akaniuliza nataka bomba la nusu inchi au robo tatu. Nikamwambia la kawaida.

"Wewe na bomba wapi na wapi?" mke wangu akauliza aliponiona na msumeno.

Nikamwambia aende jikoni. Vyakula vilikuwa vimeshapikwa kwa maji ya mtungi, imebaki chai tu. Nikafunga koki za juu, nikalikata bomba bovu. Bomba zima likanizuia mkono, nikalikata nalo ili lisiniletee kiburi. Nilipokuja kuunga, nina vipande vinne mbele yangu, vyote vya kijivu, vyote vya unene mmoja. Nikapaka gundi, nikaunga kila kimoja na kile kilichokuwa karibu nacho. Nikafungua koki. Halikuvuja hata tone. Nilimwita mke wangu atoke aone, nikawaita na majirani.

Wageni walifika karibu na alasiri. Mshenga wao, mzee wa kanzu iliyopigwa pasi hadi inasimama peke yake, aliomba maji ya udhu nikampeleka bafuni. Alirudi anatabasamu.

"Mashallah! Nimesukutua, wallahi, kama maji ya mvua. Kisauni mna maji matamu hivi?"

"Bomba nimelitengeneza mwenyewe," nikasema, na sikuona ajabu yoyote. Maji ya boza, tunayoyabania hata wagonjwa, yalikuwa yanasafisha choo, nami nimekaa nasifiwa.

Tukaswali, tukaketi, chai ikaja. Chai ile haikuonjwa na mtu. Wanawake wote jikoni walikuwa wamefunga, wanalipa siku zao za Ramadhani iliyopita kabla nyingine haijawafikia. Walitia majani, maziwa, tangawizi na iliki kwa mazoea, wakafungua bomba la jikoni kwa imani.

Mshenga akanywa funda la kwanza. Akakitazama kikombe, akanywa la pili. Wenzake wakamtazama yeye, nao wakanywa. Kijana mwenyewe alikunywa macho yameinama, kama anayekula kiapo. Mimi mwenyeji nilikuwa wa mwisho. Nilipoonja chumvi ile, nilidhani nimeanguka baharini pale kivukoni nikiwa nimeacha mdomo wazi.

Nikatafuta uso uliokunjika. Nikatafuta jicho linalomkonyeza mwenzake, au kikombe kilichosukumwa pembeni. Sikuona. Mshenga alimaliza chake, akakiweka kwenye kisahani, akasema, "Ahsanteni. Mikono ya nyumba hii ina ukarimu." Kisha akaanza maneno ya posa.

Alipomaliza nilitakiwa niombe muda. Nikasema, "Tumekubali."

Nyuma ya pazia mke wangu alikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kuua. Wageni walipoondoka akanijia. "Hata wiki hukuomba? Umemtoa mwanangu kama mtu anayetoa kuku?"

Nikamwambia asubiri magharibi. Alipokwisha kufungua kwa tende, nikammiminia chai iliyobaki. Alionja, akaitema kwenye sinki, akageuka kunitazama.

"Walikunywa hii?"

"Yote."

"Na hawakusema kitu?"

"Walishukuru."

Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kikombe mkononi. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya leso, akamwita binti yetu aje akae karibu naye.