Mawe Makubwa ya Bi Zege

Watu walimwita Bi Zege, na jina lilimkaa. Miaka ishirini na sita alikuwa akikoroga zege kwenye karakana ya mifuniko ya mitaro, na kauli yake ilikuwa moja: jiwe likiwa kubwa, zege ni gumu. Hata zilipoletwa nyuzi fupi za chuma za kuchanganyia, hakuacha mawe yake ya mtoni, makubwa, laini kama yai.

Binti wa kaka yake, mpimaji katika maabara ya ujenzi, alimwonya. "Shangazi, hayo mawe yanazidi urefu wa nyuzi. Zitakosa pa kukaa."

"Wewe niliyekubeba mgongoni, leo unifundishe zege?"

Wakabishana, kisha wakamwaga mifuniko miwili. Saruji ile ile, nyuzi zile zile; mmoja kwa mawe ya shangazi, mwingine kwa kokoto ndogo za kupondwa, zenye kingo kali. Siku ya ishirini na nane, zege lilipokomaa, wakaiweka kwenye mashine ya kukandamiza.

Wa kokoto ndogo uliingia ufa, ukapinda, lakini nyuzi zikaushika. Wa Bi Zege ulilia pa! ukawa vipande viwili.

Bi Zege aliinama. Akapapasa palipovunjika. Nyuzi zilikuwa zimejisokota fungu moja pembeni, kama nywele kwenye kitana. Katikati hapakuwa na hata moja. Mawe yalikuwa yameng'oka mazima, yameacha mashimo laini.

"Mashine yako mbovu," alinong'ona. Kisha damu ikamwisha usoni. "Mwanangu! Mifuniko ya zahanati!"

Ilikuwa kumi na miwili, aliimwaga mwezi uliopita kwa mawe yale yale. Walikimbia. Langoni, kina mama wenye watoto walikuwa wamepanga foleni juu ya mtaro.

"Tokeni hapo! Tokeni!"

Walimdhania kichaa. Akapiga magoti. Mfuniko wa tatu ulikuwa na ufa, ukingo hadi ukingo, ukucha unaingia.

"Nimesimama hapo tangu asubuhi," mama mmoja alisema, akimkumbatia mwanawe.

Bi Zege alimshika mkono, akamtoa juu ya mtaro.

Mifuniko miwili ilikatika ilipoinuliwa tu. Alimwaga yote upya, kwa kokoto ndogo, binti akipima. Kila akipumzika alitikisa kichwa: "Miaka ishirini na sita, na sijawahi kuvunja hata mmoja nikatazama ndani."